Kawi ya upepo: Neema kwa taifa, lakini mwanakijiji anavuna nini?

KENYA imejijengea jina barani Afrika kwa kuzalisha sehemu kubwa ya umeme wake bila kuchoma mafuta wala makaa ya mawe. Katika sifa hiyo, upepo una fungu lake. Mitambo 365 iliyosimikwa Loiyangalani, Kaunti ya Marsabit, ina uwezo wa kuzalisha megawati 310. Ile 60 ya Kipeto, Kaunti ya Kajiado, huzalisha megawati 100, nayo ile ya Milima ya Ngong inayomilikiwa na kampuni ya KenGen huongeza megawati 25.5. Kwa jumla ni takriban megawati 435, kiasi ambacho hakikuwazika mwaka 1993 wakati Serikali ya Ubelgiji ilipoisaidia Kenya kusimika mitambo miwili midogo kwenye milima hiyo ya Ngong.

Hata hivyo, hesabu za megawati hupigwa Nairobi, ilhali upepo wenyewe huvuma juu ya malisho ya mfugaji na shamba la viazi la mkulima. Katika muda wa mwongo mmoja, mradi mmoja wa upepo umesambaratika kwa sababu ya upinzani wa wakazi, mwingine umetangazwa na mahakama kuwa umejengwa juu ya hatimiliki zisizo halali, na wa tatu umekamilika bila vurugu kubwa. Upepo ni ule ule na mitambo inafanana. Tofauti imo katika jinsi wenye ardhi walivyoshirikishwa.

Aidha, kuna swali la pili ambalo huulizwa na mwananchi wa kawaida aliyechoshwa na bili za stima au ambaye nyaya za umeme hazijamfikia: Je, anaweza kujisimikia mtambo wake mdogo nyumbani akaondokana na adha hiyo? Maswali haya mawili, la jamii na la nyumba, yana majibu tofauti na hayafai kuchanganywa.

HESABU YA UPEPO

Ili kuelewa faida na hasara za kawi hii, sharti kwanza ieleweke kanuni moja ya kimaumbile. Nguvu iliyomo kwenye upepo haiongezeki sambamba na kasi yake. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu huongezeka mara nane. Kasi ikiongezeka mara tatu, nguvu huwa mara 27. Vilevile, kadiri mapanga ya mtambo yanavyozidi kuwa marefu ndivyo eneo la upepo linalonaswa linavyopanuka kwa haraka zaidi.

Kanuni hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini wawekezaji walivuka maelfu ya kilomita na kwenda kujenga Loiyangalani, mahali ambapo barabara ilikuwa ya mawe na nyaya za umeme hazikuwapo. Pepo zinazotoka upande wa Bahari Hindi hubanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, kisha hupenya katika ujia ulio karibu na Mlima Kulal na Mlima Nyiru. Kasi yake ya wastani hukadiriwa kuwa mita 11 kwa sekunde, takriban kilomita 40 kwa saa. Upepo wa namna hiyo una nguvu karibu mara 20 kuliko ule wa mita nne kwa sekunde unaopeperusha nguo zilizoanikwa katika mitaa mingi ya nchi hii.

Ni kanuni hiyo hiyo inayopaswa kumzindua mwenye nyumba kabla ya kufungua mkoba wake. Mtambo wenye mapanga ya kipenyo cha mita mbili, ukipigwa na upepo wa mita nne kwa sekunde, hukutana na nguvu ya wati 120 hivi. Hakuna mtambo unaoweza kunasa nguvu yote. Sayansi imethibitisha kwamba hata ule bora kabisa hauwezi kuvuka asilimia 59, nayo mitambo midogo hunasa robo hivi. Mwenye nyumba atapata wati 30, zinazotosha kuwasha taa chache na kuchaji simu. Upepo ukifika mita nane kwa sekunde, mtambo ule ule utampa wati 240, na hapo anaweza kuanza kufikiria runinga.

Kwa hivyo, yeyote anayeuza mtambo wa upepo kwa kutaja wati zilizoandikwa kwenye boksi bila kutaja kasi ya upepo iliyozalisha wati hizo, anauza nusu ya ukweli. Wati hizo kwa kawaida hupimwa kwenye upepo mkali ambao huenda mnunuzi akauona siku chache tu kwa mwaka.

UPEPO NYUMBANI

Faida za mtambo wa nyumbani ni za kweli pale panapofaa. Upepo huvuma usiku, wakati paneli za sola zimelala. Huvuma pia siku za mawingu. Katika Pwani, mathalani, kusi huvuma kwa nguvu hasa kati ya Juni na Agosti, kipindi ambacho jua huweza kufichwa na mawingu kwa siku kadhaa. Mwenye nyumba aliye kwenye kilele cha mlima au kando ya ziwa anaweza kuchanganya paneli na mtambo mdogo, kila kimoja kikaziba pengo la kingine.

Mfano unaotajwa mno ni wa Malawi. Katika miaka ya mwanzo ya 2000, kijana William Kamkwamba, aliyeacha shule kwa kukosa karo wakati wa njaa, alisoma vitabu vya sayansi katika maktaba ya kijiji na kujenga kinu cha upepo kwa kutumia vipuri vya baiskeli, feni ya trekta na miti ya mkaratusi. Kinu hicho kiliwasha taa nyumbani kwao. Kisa chake kikawa kitabu mwaka 2009 na filamu mwaka 2019. Ni kisa cha kutia moyo, na kinathibitisha kwamba ufundi wa upepo si siri ya mataifa tajiri. Nchini Kenya pia wapo mafundi ambao wamechonga mapanga ya mbao na kusuka jenereta kwa nyaya za shaba na sumaku.

Hata hivyo, kisa hicho hakimwambii mwenye nyumba wa Umoja au Kitengela kwamba naye afanye vivyo hivyo. Mtambo wa upepo huhitaji mlingoti mrefu. Wataalamu hushauri kwamba mapanga yawe juu kwa takriban mita 10 kuliko jengo au mti wowote ulio karibu, kwa sababu upepo ukishagonga paa na kuta hupinda na kuzunguka ovyo, ukapoteza nguvu na kuuchakaza mtambo. Katika mitaa ya magorofa, sharti hilo karibu haliwezekani kutimizwa. Mtambo uliofungwa juu ya bati la nyumba hutikisa kuta na kupiga kelele usiku kucha huku ukizalisha umeme haba.

Kisha kuna suala la matunzo. Paneli ya sola haina kinachozunguka. Inahitaji kupanguswa vumbi tu. Mtambo wa upepo una beringi zinazolika, mapanga yanayopasuka na nyaya za kuushikilia mlingoti zinazolegea. Pwani, chumvi ya bahari hula chuma. Maeneo ya juu, radi hutafuta mlingoti. Kila hitilafu humaanisha fundi apande juu au mlingoti ulazwe chini. Palipokosekana fundi wa karibu, mtambo huwa pambo.

Bei nayo imebadilisha hesabu. Paneli za sola zimeshuka bei mno tangu miaka ya 2010. Paneli ya wati 150, ikipata saa tano za jua kali, huzalisha takriban umeme ule ule ambao mtambo wa mita mbili uliotajwa hapo juu ungezalisha kwa siku nzima ya upepo wa mita nne kwa sekunde usiokatika. Paneli hiyo haihitaji mlingoti. Mifumo yote miwili huhitaji betri, nazo betri za kawaida huchoka baada ya miaka michache na kugharimu fedha nyingi kuzibadilisha.

Ipo njia ya kupunguza gharama ya betri kwa aliyeunganishwa na gridi. Sheria ya Kawi ya 2019 ilitambua haki ya mteja kuingiza umeme wake wa ziada kwenye gridi na kupunguziwa bili, na kanuni za kutekeleza jambo hilo zilichapishwa mwaka 2024. Lakini umeme anaotoa mteja huhesabiwa kwa kiwango cha chini kuliko ule anaoupokea, na kwa hivyo anayefaidika zaidi ni yule anayetumia umeme wake mwenyewe pale pale unapozalishwa.

Kutokana na hayo, kwa nyumba nyingi za Kenya, jibu ni sola kwanza, na upepo uongezwe tu pale ambapo mwenye nyumba amepima upepo wake kwa miezi kadhaa akajiridhisha kwamba upo.

MAJI KABLA YA TAA

Pamoja na hayo, kuna kazi moja ambayo upepo mdogo umeifanya nchini kwa miaka mingi, nayo haikuhitaji umeme kamwe. Tangu miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980, karakana moja ya Thika ilianza kuunda pampu za upepo zilizojulikana kwa jina la Kijito. Zilisimikwa katika mashamba, misheni, shule na vijiji vya maeneo kame ili kuvuta maji kutoka visimani.

Hekima ya pampu hizo ni kwamba zilikwepa tatizo kubwa la kawi ya upepo, yaani kutotabirika. Umeme usipotumika lazima uhifadhiwe kwenye betri ghali. Maji yakishavutwa huhifadhiwa kwenye tangi, na tangi la mawe au saruji linaweza kudumu miaka 30. Upepo ukivuma usiku wa manane, tangi linajaa. Usipovuma kwa siku mbili, ng'ombe na watu hunywa yaliyohifadhiwa. Kwa mama anayetembea kilomita kadhaa kutafuta maji, kinu cha namna hiyo kina thamani kuliko balbu.

Kasoro yake haikuwa ya kiufundi pekee. Pampu ya jamii huwa ya wote, na cha wote mara nyingi hukosa mwenyewe. Palipokuwa na kamati iliyotoza ada ndogo na kumlipa fundi, pampu iliendelea kuzunguka. Palipokosekana kamati, kipuri kimoja kilitosha kuisimamisha kabisa. Leo, pampu za sola zimechukua nafasi ya nyingi za upepo, lakini somo linabaki: mradi wa jamii huhitaji mfuko wa matengenezo tangu siku ya kwanza.

MIRADI MIKUBWA, MAFUNZO MATATU

Hali ni tofauti kabisa mwekezaji anapokuja na mitambo yenye urefu wa jengo la ghorofa nyingi. Hapo umeme haupelekwi kwenye kibanda cha jirani bali kwenye gridi ya taifa, naye mwanakijiji hukutana na mradi kupitia ardhi yake.

Kinangop, Kaunti ya Nyandarua, ndiko mambo yalikoharibika kabisa. Mradi wa mitambo 38 na megawati 60 ulipangwa kujengwa juu ya mashamba ya wakulima wadogo. Baadhi ya wakulima walikubali kukodisha vipande vya ardhi yao. Wengine, ambao mitambo ingekuwa jirani nao lakini hawakupewa mkataba wowote, waliona kwamba wangebaki na kelele na hofu huku jirani akitia kodi mfukoni. Uvumi ukaenea kuhusu kufurushwa kwa watu na maradhi, na wanasiasa wakaudaka. Mapema mwaka 2015 maandamano yalisababisha kifo cha mkazi mmoja. Mwezi Februari 2016, wawekezaji walitangaza kwamba mradi umekufa, ilhali mamilioni ya dola yalikuwa yamekwisha kutumika.

Ni rahisi kuwalaumu wakazi hao kwa ujinga, na wapo waliofanya hivyo. Lakini uvumi hustawi panapokosekana habari. Mkulima mwenye ekari mbili, ambaye babu zake walinyang'anywa ardhi enzi za ukoloni, ana haki ya kutilia shaka karatasi iliyoandikwa Kiingereza na inayomtaka aachilie sehemu ya shamba kwa miongo kadhaa.

Loiyangalani mambo yalikwenda kinyume. Mradi ulikamilika, lakini ardhi ikabaki na doa. Kabla ya katiba mpya, lililokuwa Baraza la Wilaya ya Marsabit lilitoa ekari 150,000 za ardhi ya jamii kwa mwekezaji, ingawa shamba lenyewe la mitambo lilihitaji kiasi cha ekari 40,000. Wakazi wakiwemo Warendille, Wasamburu, Waturkana na Waelmolo hutumia eneo hilo kwa malisho na maji. Baadhi yao walifika mahakamani mwaka 2014 wakidai kwamba taratibu za kisheria za kutenga ardhi ya jamii zilikiukwa.

Mnamo Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru iliwaunga mkono. Iliamua kwamba hatimiliki hizo zilipatikana kinyume cha sheria, na kutoa mwaka mmoja wa kurekebisha kasoro hizo, la sivyo zifutwe. Mwaka 2023 mahakama hiyo ilikataa kuongeza muda, na vuta nikuvute ikaendelea katika ngazi ya rufaa.

Haki inadai kwamba mema ya mradi huo pia yatajwe. Barabara ya zaidi ya kilomita 200 kutoka Laisamis ilikarabatiwa, na safari iliyochukua zaidi ya siku moja ikafupishwa. Zaidi ya watu 2,000 walipata kazi wakati wa ujenzi. Wakfu ulioanzishwa na kampuni umejenga madarasa, zahanati na vituo vya maji. Mifugo bado hulisha chini ya mitambo, kwani msingi wa kila mtambo huchukua nafasi ndogo tu. Lakini ajira nyingi zilikwisha pamoja na ujenzi, na kijiji cha Sarima kililazimika kuhamishwa kupisha shughuli. Juu ya yote, shule na zahanati zikitolewa kama hisani, mwenye ardhi hubaki akishukuru kwa kile ambacho huenda alistahili kukidai.

Kipeto ilifuata njia nyingine. Ardhi ya eneo hilo la Kajiado ilikuwa imegawanywa kwa watu binafsi, na kila mwenye shamba alikuwa na hatimiliki yake. Kampuni ilitia saini mikataba ya ukodishaji na familia za Wamaasai, ambazo hubaki na ardhi na kuendelea kufuga. Familia hizo hulipwa kutokana na mapato ya umeme, na nyumba mpya zilijengewa wenye mashamba. Isitoshe, jamii ilipewa asilimia tano ya umiliki wa mradi kupitia hazina ya pamoja. Mradi ulianza kuuza umeme mwaka 2021.

Asilimia tano si kubwa. Lakini kisheria kuna tofauti kubwa kati ya mwenye hisa na mpokea msaada. Mwenye hisa ana haki ya kuona vitabu vya hesabu na kuuliza maswali.

GIZA CHINI YA NYAYA

Lalama moja husikika mara kwa mara karibu na miradi mikubwa: nyaya zinapita juu ya kijiji, lakini kijiji kimo gizani. Wahenga walinena, penye miti hapana wajenzi. Sababu ni ya kiufundi, ingawa haimfariji anayewasha koroboi. Umeme wa Loiyangalani husafirishwa kwa nyaya za kilovolti 400 hadi Suswa, umbali wa takriban kilomita 430. Umeme wa nguvu hiyo hauwezi kuchovywa njiani kama maji ya mfereji. Huhitaji kituo cha kuupunguza nguvu, na kituo hicho ni ghali mno kwa vijiji vyenye nyumba chache zilizotawanyika.

Kwa vijiji vya aina hiyo, suluhisho ni gridi ndogo ya mahali hapo hapo, iwe ya sola, upepo au mchanganyiko. Gharama yake ni tone ikilinganishwa na bajeti ya mradi mkubwa. Lililokosekana ni kuiandika katika mkataba kabla ya mtambo wa kwanza kusimikwa.

JE, BILI ZIMESHUKA?

Kwa mteja wa mjini, kipimo cha mradi wowote ni bili. Hapa pia kuna mazuri na mabaya. Upepo unapovuma, Kenya Power hupunguza ununuzi wa umeme wa dizeli, na ada ya mafuta inayotozwa wateja hupungua. Upepo haupandi bei vita vikizuka katika nchi zinazozalisha mafuta.

Lakini upepo ukiwa wa bure, mtambo si wa bure. Mradi wa Turkana uligharimu takriban Sh70 bilioni, nao huuza umeme kwa mkataba wa miaka 20 unaohesabiwa kwa Euro. Shilingi ilipoporomoka mwaka 2023, umeme ule ule uligharimu shilingi nyingi zaidi, na mteja akaulipia kupitia ada ya ubadilishanaji wa fedha.

Kuna pia mtego wa kulipia umeme usiotumika. Mwaka 2012, Benki ya Dunia ilijiondoa katika mradi huo kwa kuhofia kwamba Kenya ingelazimika kulipia umeme ambao haungekuwa na mnunuzi. Hofu hiyo ilitimia kwa njia nyingine. Mitambo ilikuwa tayari mwaka 2017 lakini nyaya za serikali hazikuwa zimekamilika, baada ya mwanakandarasi kutoka Uhispania kufilisika. Umeme ulianza kuingia kwenye gridi Septemba 2018, na mwananchi akajikuta akilipa mabilioni ya shilingi kama fidia ya ucheleweshaji. Mradi ulipozinduliwa rasmi na Rais Uhuru Kenyatta mnamo Julai 19, 2019, deni hilo lilikuwa tayari limo ndani ya bei.

Isitoshe, upepo wa Turkana huvuma zaidi usiku na alfajiri, wakati viwanda vingi vimefungwa na Wakenya wamelala. Mvuke wa Olkaria nao huzalisha umeme saa hizo hizo. Bei nafuu ya usiku kwa viwanda, iliyoanzishwa Desemba 2017, ililenga kupunguza mrundiko huo. Bila mabwawa au betri kubwa za kuhifadhi, sehemu ya upepo huo itaendelea kupotea.

Hatari ya kutegemea kituo kimoja kikubwa ilionekana Agosti 25, 2023, nchi ilipogubikwa na giza. Serikali ilinyooshea kidole kuzimika kwa kituo cha Loiyangalani kilichokuwa kikitoa takriban megawati 270. Kampuni ilijibu kwamba mitambo yake ilijizima kwa sababu ya hitilafu iliyoanzia kwenye gridi yenyewe. Vyovyote vile, gridi ambayo hutikiswa na kituo kimoja ni gridi inayohitaji kuimarishwa.

KELELE NA TUMBUSI

Kuhusu afya, ni vyema uvumi utengwe na ukweli. Tafiti katika nchi mbalimbali hazijathibitisha kwamba mitambo ya upepo husababisha maradhi moja kwa moja. Hata hivyo, kelele za mapanga na kivuli chake kinachopita dirishani jua likichwea huweza kuwakera wakazi wa karibu na kuwanyima usingizi. Dawa yake ni umbali wa kutosha kutoka kwenye makazi, na umbali huo unafaa kuamuliwa kabla ya ujenzi.

Ndege ni tatizo la kweli. Kipeto iko karibu na magenge ya Kwenia, mahali pa kuzalia tumbusi wa Rüppell, ambao wamo katika hatari kubwa ya kutoweka. Tumbusi hupaa akitazama chini kutafuta mizoga, na mara nyingi haoni mapanga yaliyo mbele yake. Kampuni ililazimika kuwaajiri vijana wa kuangalia angani na kuamuru mtambo usimamishwe ndege akikaribia. Vilevile, mizoga huondolewa karibu na mitambo, na wafugaji huhamasishwa wasitumie sumu dhidi ya fisi na simba, sumu ambayo imeua tumbusi wengi. Hatua hizo zina gharama, lakini zimewapa vijana wa kijijini kazi isiyokwisha na ujenzi.

KINGA NA KINGA

Nchi ya Denmark, inayosifika kwa upepo, ilipata uungwaji mkono wa raia kwa kuwafanya wenye mali. Mradi wa Middelgrunden ulio baharini karibu na Copenhagen, wenye mitambo 20 iliyokamilika mwishoni mwa 2000, nusu yake ilinunuliwa na chama cha ushirika chenye maelfu ya wananchi wa kawaida. Sheria iliyoanza kutumika nchini humo mwaka 2009 iliwataka wawekezaji wauzie majirani angalau asilimia 20 ya hisa, na ingawa utaratibu huo ulibadilishwa mwaka 2020, ulikuwa umeacha alama.

Kenya haihitaji kuiga kila kitu, kwani mfugaji wa Laisamis hana akiba ya kununua hisa kama mkazi wa Copenhagen. Lakini ana ardhi, na ardhi ni mtaji. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaziruhusu jamii kusajili ardhi yao kwa jina lao na kuingia mikataba wenyewe, iwapo theluthi mbili ya wanachama wataafiki. Jamii nyingi za kaskazini zimekuwa zikijikokota kusajili. Kila mwaka unaopita bila hatimiliki ni mwaka ambao mwekezaji anaweza kufika na kuzungumza na mtu mwingine kwa niaba yao. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Jamii inayofikiwa na mwekezaji wa upepo inafaa kuuliza mambo machache ya msingi kabla ya kutia saini. Mkataba umeandikwa kwa lugha gani, na ni wakili gani anayelipwa na nani aliyeueleza? Malipo ni kodi isiyobadilika au ni sehemu ya mapato ya umeme, na jirani asiye na mtambo shambani mwake atapata nini? Ni ekari ngapi hasa zinazohitajika? Kijiji kitapata umeme lini na kwa bei gani? Na mitambo itakapochakaa baada ya miaka 20 au 25, ni nani atakayeing'oa na kuondoa saruji iliyobaki ardhini?

Serikali nayo ina lake la kufanya. Haifai kuruhusu mitambo ikamilike kabla ya nyaya, wala kuruhusu ujenzi uanze kabla ya suala la ardhi kutatuliwa. Kinangop ilionyesha gharama ya kuwapuuza watu mwanzoni, na Loiyangalani inaonyesha gharama ya kuwapuuza na bado mradi ukafaulu.

Kawi ya upepo ingali miongoni mwa neema bora zaidi alizojaliwa Mkenya. Haitoi moshi, haikauki wakati wa kiangazi kama mabwawa ya Mto Tana, na malighafi yake hainunuliwi kwa dola. Kwa mwenye nyumba, ni kijalizo cha sola pale upepo ulipopimwa ukapatikana. Kwa jamii, ni mali inayoweza kulisha vizazi, mradi tu jamii hiyo ihesabiwe kuwa mbia tangu mwanzo. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, na hadi sasa katika miradi mingi ya upepo nchini, kinga moja ndiyo imekuwa ikiungua ilhali nyingine inaota moto.